Kuzirai: Ni wakati gani unapaswa kuingiwa na wasiwasi?

SI jambo geni katika gwaride la shule, ibada ndefu au mazishi kumwona mtu akiyumba, akitokwa na jasho jembamba kisha akaanguka kama gunia. Watu humzunguka, huyu akimmwagia maji, yule akijaribu kumwinua, na baada ya muda mfupi hufungua macho na kuuliza yuko wapi. Baadhi ya walioshuhudia husema ni njaa, wengine husema ni kifafa, na hawakosekani wanaodai kuwa amepagawa na pepo.

Mara nyingi kisa cha aina hiyo huwa hakina madhara. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watatu huzirai angaa mara moja maishani mwake. Hata hivyo, kwa watu wachache kuzirai huwa ndiyo onyo la kwanza kwamba moyo una hitilafu inayoweza kuua. Kinachotenganisha hali hizi mbili si kishindo cha kuanguka, bali ni kile mtu alichokuwa akifanya kabla ya kuanguka, jinsi alivyojihisi, na muda aliochukua kurejewa na fahamu.

Hutokeaje?

Kuzirai, au kuzimia, ni kupoteza fahamu kwa muda mfupi kwa sababu damu inayofika ubongoni imepungua ghafla. Ingawa ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Damu ikikatika kwa sekunde 6 hadi 8 pekee, mtu hupoteza fahamu.

Mtu anaposimama, kati ya nusu lita na lita moja ya damu huteremka miguuni na tumboni. Kwa kawaida neva huiamuru mishipa ya damu ibane na moyo uongeze kasi ili damu ipande kichwani. Utaratibu huo ukikwama, mtu huanguka. Kuanguka kwenyewe ni tiba ya kimaumbile, kwani mtu akilala, damu hufika ubongoni bila kupanda mlima. Ndiyo maana ni kosa kumwinua aliyezirai au kumketisha kitini.

Kuzirai kusikotisha

Aina inayotokea zaidi ni ile ambayo neva hukosea na kutoa amri kinyume: mishipa hupanuka na moyo hupunguza kasi wakati ambapo ungepaswa kuiongeza. Hali hii huletwa na kusimama kwa muda mrefu juani, joto la chumba kilichosongamana watu, maumivu makali, hofu, au kuona damu na sindano. Njaa na uchovu huizidisha. Baadhi ya watu huzirai wanapokohoa mfululizo au wanapojikamua chooni, na wanaume wazee huweza kuanguka wanapoamka usiku kwenda haja ndogo.

Kuzirai kwa namna hii hutanguliwa na dalili. Mtu huhisi kisunzi, kichefuchefu na joto, macho huingia giza, na sauti za watu husikika kana kwamba zinatoka mbali. Akishalala, fahamu humrejea chini ya dakika moja au mbili, na hujitambua mara moja ingawa hubaki mchovu.

Aina ya pili hutokea mtu anapoinuka ghafla kutoka kitandani au kitini. Kiini chaweza kuwa upungufu wa maji mwilini kutokana na kuhara, kutapika au jua kali. Pia yaweza kuwa pombe au dawa, hasa za kutibu shinikizo la damu na zile za tezi ya kibofu kwa wazee. Anayezitumia asiziache kiholela, kwani kufanya hivyo kwaweza kumletea kiharusi. Amweleze daktari ili kiwango kirekebishwe.

Hatari iliyojificha moyoni

Juni 26, 2003, kiungo wa timu ya taifa ya Kamerun, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika nusufainali ya Kombe la Mashirikisho dhidi ya Colombia. Hakuna mchezaji aliyekuwa amemgusa. Alifariki siku hiyo akiwa na umri wa miaka 28, na uchunguzi wa maiti ukabainisha kuwa alikuwa na ugonjwa unaofanya misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi.

Kilichompata Foé hakikuwa kuzirai kwa kawaida bali moyo kusimama. Lakini magonjwa ya aina hiyo wakati mwingine hubisha hodi mapema kwa kumfanya kijana azirai anapokimbia au kucheza, na wazazi au makocha wakadhani ni uchovu tu. Wapo pia wanaorithi kasoro katika mfumo wa umeme unaoendesha mapigo ya moyo, ilhali moyo wao una umbo la kawaida. Wengine vali za moyo zimeharibika, mara nyingi kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyoanza kwa maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Kwa wazee, moyo huweza kupiga polepole mno kiasi kwamba huhitaji kifaa cha kuusaidia.

Dalili za mvua ni mawingu. Mtu aende hospitalini bila kuchelewa iwapo:

- alizirai akiwa katikati ya mazoezi, mbio au kazi ya sulubu;

- alizirai akiwa amelala au ameketi tu, au alianguka bila dalili yoyote ya kumtahadharisha;

- alihisi moyo ukienda mbio, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua;

- ana ugonjwa wa moyo, au katika ukoo wake kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana;

- anatoa kinyesi cheusi kama lami au anatokwa na damu nyingi;

- ameumia kichwa, au ameshindwa kuongea vizuri au kuinua mkono baada ya kuamka.

Mwanamke anayeweza kuwa na mimba akizirai huku akiumwa na tumbo, hiyo ni dharura hata kama hajajua kuwa ni mjamzito. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na anavuja damu ndani kwa ndani. Aliyejifungua karibuni, akizirai na kukosa pumzi, naye asisubiri, kwani yawezekana damu imeganda na kuziba mishipa ya mapafu.

Si kila mtetemeko ni kifafa

Watu wengi huhukumiwa kuwa na kifafa kwa sababu walitikisika mikono na miguu walipozirai. Ukweli ni kwamba ubongo unaokosa damu huweza kuutikisa mwili kwa sekunde kadhaa. Katika kifafa, mtikisiko huchukua dakika moja au zaidi, mgonjwa huweza kujiuma ubavu wa ulimi, na akiamka hubaki amechanganyikiwa kwa muda mrefu. Tofauti hii ni muhimu kwa kuwa mtu huweza kumeza dawa za kifafa kwa miaka mingi ilhali tatizo liko moyoni. Aliyeshuhudia aandamane na mgonjwa hospitalini, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakuona lolote.

Daktari anapaswa kupima msukumo wa damu mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama, kuchunguza kiwango cha damu na sukari, na kufanya kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hicho hakina maumivu na huchukua dakika chache. Ni vyema mgonjwa akiulizie iwapo hakutajwa.

Huduma ya kwanza

Mlaze aliyezirai chali mahali penye hewa, inua miguu yake, legeza nguo shingoni na utawanye umati. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, na usimnyweshe chochote kabla hajajitambua kikamilifu. Akitapika, mlaze kwa ubavu. Akiamka, asikurupuke kusimama.

Jambo la kwanza kabisa ni kuangalia iwapo anapumua. Asiyeitika na asiyepumua, au anayekoroma kwa kukata roho, hajazirai. Moyo wake umesimama. Ita msaada kupitia nambari 999 au 112, kisha weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pasipo kuchoka hadi msaada ufike. Hivyo ndivyo alivyookolewa mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani mjini Copenhagen Juni 12, 2021. Alishtuliwa moyo kwa mashine uwanjani, akapandikizwa kifaa cha kuulinda, na mwaka uliofuata akarejea kusakata kabumbu.

Kujikinga

Anayezirai mara kwa mara kwa sababu ya joto au kusimama anywe maji ya kutosha, asiruke kifungua kinywa na ainuke kitandani kwa awamu. Akiwa gwarideni, akunje na kunyoosha vidole vya miguu na kukaza misuli ya mapaja ili kusukuma damu juu. Akihisi giza machoni asione haya: alale au achutame hapo hapo. Wanaoendesha bodaboda au matatu, wanaopanda ngazi na wanaopika kwa moto wazi wasirejelee shughuli hizo kabla ya kuchunguzwa.

Aliyezirai mara moja juani huenda asihitaji zaidi ya maji na kivuli. Aliyezirai akikimbia anahitaji daktari, hata kama aliinuka akicheka.