Msaada wa serikali kwa wenye ulemavu: nani anastahiki?

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet nimeulizwa swali lile lile la kwetu Pwani: nina ulemavu, mbona sipati pesa za Inua Jamii?

Si kila mwenye ulemavu anastahiki. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi ni za mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kujihudumia na anayehitaji mtu wa kumtunza muda wote, tena atoke katika familia masikini.

Mchuma chai aliyekatwa vidole na mashine hayumo humo, lakini haki yake iko kwengine. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri. Amjulishe mapema, naye mwajiri aripoti kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Madai yasipite miezi 12.

Kisha apimwe na daktari, ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwenye mshahara aliyesajiliwa aweza kuomba asitozwe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi.

Ndugu zangu, tusiwafiche watoto wetu majumbani. Asiyesajiliwa hahesabiwi.