Shilingi Kumi za Zahanati

Leo hatuzungumzi juu ya chandarua wala juu ya kunyonyesha. Tunazungumza juu ya pesa. Mama akifika zahanati na mtoto mwenye homa, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, lawama zote humwangukia muuguzi. Mara nyingi muuguzi hana kosa. Upungufu huo una historia yake.

Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vyake. Wakati huo sisi wa Rangwe tulikuwa chini ya wilaya ya Nyanza Kusini. Nyanya zetu walitibiwa bure na gharama ililipwa kwa kodi. Mpango huo uliendelea kwa miaka zaidi ya 20, huku watu wakiongezeka na pesa za serikali zikipungua.

Desemba 1989 ada zikarudi, zikiitwa kuchangia gharama. Matokeo yake yalionekana haraka. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanawake waliokuja walipungua hadi kama theluthi mbili ya idadi ya awali, na wanaume wakapungua zaidi. Hawakuwa wamepona. Walibaki nyumbani na ugonjwa wao. Septemba 1990 serikali ilisimamisha ada kwa wasiolazwa, kisha kuanzia 1992 ikazirudisha kidogo kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Katika kila shilingi 100 zilizokusanywa, 75 zilibaki katika kituo chenyewe na 25 zilikwenda kwa kazi za kinga katika wilaya. Serikali ililipa mshahara wa muuguzi na kuleta dawa. Lakini mlinzi wa usiku, kibarua wa kufagia, sabuni, na nauli ya kwenda kuchanja watoto vijijini, hayo yote yalitegemea ada ya mgonjwa. Ada ile ilimuumiza mama maskini, lakini ndiyo pekee iliyoleta noti mkononi mwa kituo.

Julai 2004 serikali ilipunguza ada: shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya. Watoto wa chini ya miaka 5 wasitozwe kitu, wala wagonjwa wa malaria na kifua kikuu. Mwaka 2007 kujifungua katika vituo hivyo kukafanywa bure. Ilikuwa amri njema. Lakini nani angemlipa mlinzi? Vituo vingi havikuifuata amri kikamilifu. Mama aliambiwa ni bure, na alipofika akatozwa. Mimi sioni kwamba wauguzi wote waliofanya hivyo walikuwa wezi. Waliondolewa pesa kabla ya kupewa nyingine.

Jawabu lilianza kujaribiwa Mkoa wa Pwani mwaka 2005, kwa msaada wa Denmark. Pesa zilitumwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo cha afya na zahanati. Kamati yenye wanakijiji na msimamizi wa kituo ilipanga matumizi. Wachunguzi waliotembelea Kwale na Tana River walikuta pesa zikilipa vibarua, safari za kazi na matengenezo ya majengo. Walikuta pia wanakijiji wengi hawajui habari za pesa hizo.

Kuanzia mwaka 2010 mpango huo ulienea nchi nzima, ukaitwa Hazina ya Huduma za Sekta ya Afya. Kituo cha afya kilitengewa shilingi 112,000 kila miezi mitatu, na zahanati shilingi 27,500. Ukigawa hizo za zahanati, ni kama 9,000 kwa mwezi. Lipa mlinzi, lipa mfagiaji, nunua gesi ya friji ya chanjo, zimekwisha. Lakini ziliwekwa kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, na hesabu zake zilitakiwa kubandikwa ukutani kila mtu aone.

Juni 1, 2013 Rais Uhuru Kenyatta alifuta ada zote za zahanati na vituo vya afya, na kujifungua kukawa bure katika hospitali zote za umma. Kwa kila mama aliyejifungua, kituo cha afya au zahanati ililipwa shilingi 2,500. Kwa miaka kadhaa serikali kuu pia ilitoa shilingi milioni 900 kwa mwaka kufidia ada zilizofutwa. Lakini kaunti zilikuwa zimeanza, na pesa sasa zilipitia hazina ya kaunti. Zilichelewa huko, na vituo vingi nchini vikakaa miezi bila chochote. Ilichukua miaka 10 kwa Bunge kulirekebisha. Sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 inasema pesa za kituo zibaki katika kituo na zitumike hapo.

Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Matibabu ya kawaida katika zahanati na kituo cha afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, pesa za serikali, kwa aliyejiandikisha, hata kama hajalipa mchango. Kujifungua na kulazwa kuko upande wa michango, kwa hiyo mama mjamzito aulize mapema, asingoje uchungu uanze. Na ukienda kliniki juma hili, uliza nani wamo katika kamati ya zahanati yenu, na hesabu za miezi mitatu iliyopita zimebandikwa wapi.