Kumpima Mwanafunzi: Kutoka Ubao wa Chuo Hadi Karatasi ya Mtihani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Madrasa nyingi za mji wa Arusha na vitongoji vyake, hadi Usa River, huwakusanya wazazi kila mwisho wa mwaka na kugawa vyeti. Ni jambo la kheri. Lakini katika hafla moja tulimsikia kijana aliyepata alama tisini za tajwidi akisoma Suratul Faatiha, na herufi ya aini akaitamka hamza. Hukumu alikuwa ameziandika vizuri. Ulimi wake haukuwa umesikilizwa. Basi tujiulize: wazee wetu walimpimaje mwanafunzi, na sisi tumeacha nini njiani?

Asili ya jambo hili

Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, ameweka mlango maalumu kuhusu imamu kuwauliza wenzake ili apime elimu waliyonayo. Humo amepokea Hadithi ya Abdullah bin Umar (r.a.): Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba juu ya mti usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu. Watu wakawaza miti ya jangwani. Ibn Umar alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo mbele ya wakubwa, akaona haya, akanyamaza. Alipomweleza baba yake baadaye, Umar (r.a.) akasema angefurahi mno lau angelitoa jibu lile.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kuuliza ili kupima ni Sunna. Na pili, aliyenyamaza si lazima kuwa hajui.

Aidha, yule aliyeswali vibaya msikitini hakuulizwa nguzo za Swala. Mtume (s.a.w.) alimtazama, akamrudisha mara tatu, kisha akamfundisha. Amali hupimwa kwa kutazamwa, na kisomo kwa kusikilizwa, kama Jibril (a.s.) alivyokuwa akidurusu Qur'ani na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani.

Chuo cha zamani

Uislamu ulipanda hadi miguu ya Mlima Meru pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani. Wajerumani walipojenga Boma la Arusha, karibu mwaka 1900, mji ukakua kulizunguka, na Waislamu nao wakaongezeka. Watu wa pwani walipokaa, chuo nacho hakikukawia. Mtoto alianza na alifu kwa kijiti juu ya ubao, na kila siku alikaa mbele ya mwalimu peke yake akasoma somo la jana. Asiposhika, hakupewa sifuri. Alibaki palepale mpaka ashike. Hakukuwa na siku ya mtihani, kwani kila siku ilikuwa mtihani.

Tusikisifu chuo kupita kiasi. Wengi walikhitimu msahafu bila kujua maana ya sura moja. Na hukumu ilikuwa ya mtu mmoja, ambaye angeweza kumpendelea mtoto wa jirani.

Karatasi na upungufu wake

Skuli zilileta mtihani wa kuandika, unaosahihishwa na asiyemjua mtahiniwa. Kwa hilo una uadilifu. Hata hivyo, Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akalalamika kuwa mitihani hupima kukariri mambo, na haipimi tabia wala moyo wa kutumikia. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973, na baada ya Azimio la Musoma la 1974, kazi za mwanafunzi darasani zikaanza kuhesabiwa katika alama zake. Kwa maneno mengine, serikali ilisogea kuelekea ubao wa chuo, wakati madrasa zetu zikiukimbia.

Cheti ni ushahidi

Kwa Kiarabu, cheti na ushahidi ni neno moja: shahada. Anayetia saini anashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa fulani anajua. Katika Hadithi ya Abu Bakra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameutaja ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, akaukariri mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze.

Na madhara hayaishii kwenye karatasi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayeharibu herufi ya Faatiha ilhali anaweza kujifunza, Swala yake haisihi. Asiyeweza huitwa ummi, na kauli yenye nguvu ni kuwa asomaye sawasawa hasihi kumfuata. Kijana yule akisukumwa mihrabuni kwa sababu ya cheti chake, nani atabeba dhima ya Swala za walio nyuma yake?

Kwa hiyo tunawanasihi walimu wenzetu: karatasi ibaki kwa fiqhi na tarehe. Kisomo kisikilizwe kila siku, na mwisho wa mwaka mwanafunzi asikilizwe na mwalimu wa madrasa nyingine, ili upendeleo usiingie. Mwenye haya aulizwe faraghani, kwani huenda ndani ya ukimya wake umo mtende. Na asiyefika asipewe cheti kwa kumhurumia. Huruma ni kumfundisha tena.

Wallahu aalam.