Maunteni ya Mafundi Wasio na Majina: Korogwe, Handeni na Baiskeli Iliyojengwa Upya

Ukisaka mtandaoni historia ya maunteni, stori ni ile ile: California, kaunti ya Marin, miaka ya 1970. Vijana wananunua baiskeli chakavu za miaka ya 1930 na 1940, zile nzito zenye matairi manene, wanazipandisha Mlima Tamalpais halafu wanashuka nazo mbio kwenye vumbi. Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano yaliyoitwa Repack. Jina lilitokana na breki ya nyuma, ile ya kurudisha pedali: ilikuwa inachemka mpaka grisi inaungua, na ukifika chini lazima ufungue gurudumu ujaze grisi nyingine. Baadaye wakafunga gia na mikono ya breki za pikipiki. Mwaka 1977 mmoja wao akatengeneza fremu mpya kabisa, kisha viwanda vikaja kuvuna.

Stori safi. Ila toa mlima na mashindano, ubaki na kiini chake: watu wanachukua baiskeli iliyoundwa kwa barabara za wengine, wanaifumua nyumbani na kuijenga upya iendane na njia yao. Hiyo kazi Korogwe na Handeni wanaijua vizuri sana. Tofauti ni kwamba wa Marin wameandikwa vitabu, na fundi wa chini ya mwembe hata jina lake hulijui.

Korogwe ilifikiwa na reli ya kutoka Tanga mwaka 1902, enzi za Mjerumani, na mashamba ya mkonge yakatanda. Reli ilibeba mkonge. Mtu na mzigo wake alijijua mwenyewe. Enzi za Mwingereza baiskeli ilikuwa ndiyo gari la mwenye mshahara: Raleigh ya Nottingham, nyeusi, siti ya ngozi, kengele. Kuwa nayo ilikuwa heshima kama ya mwenye iPhone leo, na pengine zaidi. Baadaye Phoenix ya Shanghai na Hero ya India zikachukua nafasi, na Phoenix ndiyo ikawa jina la nyumbani.

Sasa tatizo. Baiskeli hizo zilichorwa kwa mtu mmoja anayekwenda kazini kwenye barabara nzuri: tairi jembamba la inchi 28, gia moja, breki za vyuma virefu zinazobana rimu. Handeni iko juu kuliko Korogwe, na barabara ya kati yao, kama kilomita 65, kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na makorongo kabla ya lami. Halafu kuna maji. Handeni na maji ni stori ndefu, mwenyeji yeyote atakusimulia. Dumu moja ni lita 20, yaani kilo 20. Funga madumu manne, umebeba kilo 80 kabla hata hujaweka mkaa wala mahindi ya mtu.

Ndipo fundi anaingia. Foku inaongezewa nondo kila upande ili isipinde. Keria ya kiwandani inang'olewa, inachomelewa nyingine ya chuma kizito yenye mguu unaoshika karibu na ekseli. Madigadi yanatupwa kwa sababu yanashika tope. Raba za breki zikiisha, zinakatwa nyingine kwenye tairi la gari, ndugu wa katambuga. Tyubu iliyokufa inachanwa kuwa mpira wa kufungia mzigo. Wa Marin walikuwa wanajenga baiskeli ya kushuka kwa raha. Huku inajengwa ya kupanda kwa shida, na mwenye nayo mara nyingi anaisukuma tu mlimani. Hiyo nayo ni apugredi, hata kama haina stika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika nchi nzima, na tairi jipya likawa habari ya kijijini. Tairi lililopasuka lilishonwa, likawekewa kipande cha tairi jingine kwa ndani, maisha yakaendelea. Mwaka 1984 milango ya kuingiza bidhaa ikaanza kufunguka, na miaka iliyofuata mitumba ikaleta maunteni zenyewe kutoka nje: inchi 26, gia 18 au 21, shokapu mbele. Vijana wakachanganyikiwa kwa furaha. Mafundi wakazitazama, wakaanza kuzipunguza!

Mtu wa town anaweza kuona huo ni ushamba. Siyo. Shokapu kuukuu ikibebeshwa mzigo inameza nguvu za miguu kila pedali. Kibadili gia kinaning'inia chini, jiwe moja tu kimepinda. Cheni ya gia ni nyembamba kuliko ya Phoenix, na ikikatika porini huipati dukani. Lakini maunteni nyingi za zamani zina kitovu cha nyuma chenye uzi sawa na wa Phoenix. Kwa hiyo friwili ya gia nyingi inafunguliwa, inakazwa ya gia moja, cheni nene inawekwa, na baiskeli ya Ulaya inakuwa ya Handeni jioni hiyo hiyo. Foku ndiyo ngumu: bomba la ile ya Phoenix ni inchi 1, la maunteni nyingi ni inchi 1 na 1/8. Hapo ndipo unamjua fundi kweli na fundi jina.

Na hiki hapa ni cha kufanya mwenyewe nyumbani. Pima cheni kwa rula: vipande 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, vinapaswa kukaa kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha kabla haijala meno ya friwili. Kitovu cha nyuma kwa kawaida kina gololi 18, tisa kila upande. Fungua juu ya kitambaa, zihesabu, futa, weka grisi mpya. Oili chafu ya gari achana nayo, maana kwenye vumbi inageuka msasa.

Kisha bodaboda ikaja, na kilo zile zile 80 zikahamia kwenye pikipiki. Huwezi kumlaumu mtu, mlima ni mlima. Ila vijana waliokuwa wajifunze kunyoosha rimu kwa spana ya spoki sasa wanajifunza plagi na kabureta. Mzee mwenye kopo la gololi bado yupo, wateja wake wa leo ni watoto wenye pancha. Akiletewa maunteni ya mtumba, anageuza gurudumu mara moja, anasikiliza kitovu, na kabla hujamaliza kueleza tatizo ameshashika spana.