Spika asiye na kura na kibarua cha kulinda nidhamu wakati wa Bajeti

Spika wa Bunge la Taifa hana kura. Kifungu cha 122 cha Katiba ya 2010 chasema hivyo waziwazi, na kuongeza kwamba kura zikilingana, hoja huhesabiwa kuwa imeanguka. Nchini Uingereza, ambako utaratibu wetu mwingi wa Bunge ulitoka, Spika anaposhuhudia sare hupiga kura ya kuamua. Wa Kenya hana hata hiyo.

Hata hivyo, msimu wa Bajeti uwadiapo, mtu huyu asiye na kura ndiye aamuaye ni nani atakayesikika, ni marekebisho gani yatakayojadiliwa na, mara nyingi, ni upande upi umeshinda. Wananchi wanaotazama mijadala kwenye televisheni humjua zaidi kwa sauti yake ya kuwanyamazisha wabunge. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake.

Mwaka wa kifedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kwa mujibu wa Kifungu cha 221, Waziri wa Fedha hutakiwa kuwasilisha makadirio ya mapato na matumizi Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka huo kumalizika, na kamati inayohusika huyachambua na kupokea maoni ya umma kabla Bunge lote halijayajadili. Mswada wa matumizi usipopitishwa kwa wakati, Kifungu cha 222 huruhusu Bunge kuidhinisha fedha za kuendeshea shughuli za serikali, lakini zisizidi nusu ya makadirio yaliyowasilishwa. Kwa hivyo Spika hufanya kazi huku akitazama kalenda. Akiwapa wabunge wote nafasi ya kusema watakavyo, tarehe itampita. Akiwabana mno, atalaumiwa kwamba anaisaidia serikali kuharakisha mambo.

Mjadala wenyewe ni mgumu kuuwekea mipaka. Katika miswada mingine Spika huweza kumkatiza mbunge aliyetoka nje ya mada. Katika Bajeti, ni kitu gani kilicho nje ya mada? Barabara ya kijijini, zahanati isiyo na dawa, mishahara ya walimu, bei ya mbolea: yote hayo ni fedha. Ndiyo maana hoja za nidhamu huwa nyingi, na nyingine huwa hila tu za kumpokonya mwenzako dakika zake. Spika mzoefu huitambua hoja ya namna hiyo kabla haijamalizika.

Mbunge akikaidi, Kanuni za Kudumu humpa Spika ngazi za kupanda. Kwanza humwonya, kisha humwamuru atoke ukumbini, na Sajini wa Bunge yupo kuhakikisha ameondoka. Ngazi nzito zaidi ni kumtaja mbunge kwa jina, hatua inayofungua njia ya kusimamishwa kwa siku kadhaa, na siku hizo huongezeka akirudia kosa. Vurugu zikienea ukumbini kote, Spika huweza kuahirisha kikao. Wakati wa Bajeti silaha hii ya mwisho ina ncha mbili, kwa kuwa kuahirisha kikao huenda ndiko hasa wanakokutaka wenye fujo.

Zipo kazi nyingine zisizoonekana kwenye kamera. Mbunge mmoja mmoja hawezi kubuni kodi mpya au kuongeza matumizi kwa hiari yake tu. Kifungu cha 114 hueleza kwamba, iwapo kwa maoni ya Spika hoja inahusu masuala ya mswada wa fedha, Bunge litaendelea tu kwa mujibu wa pendekezo la kamati husika, baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo hudai kwamba anayeongeza fedha mahali pamoja apunguze kwingine. Pendekezo likikataliwa katika hatua hii, halifiki kwenye kura.

Wabunge wanapofikia kupitia mswada kifungu baada ya kifungu, Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima. Spika huondoka kitini, siwa huteremshwa kutoka mezani, na mwenyekiti mwingine huongoza. Kuanzia hapo suala la sauti huwa zito.

Kwa kawaida uamuzi hufanywa kwa sauti. Wanaokubali husema ndiyo, wanaopinga husema la, na aliye kitini hutangaza alichosikia. Wabunge wasioridhika huweza kusimama na kudai kura ihesabiwe, mradi watimize idadi iliyowekwa na kanuni. Kwa mambo yasiyo na mvutano utaratibu huu ni mzuri na huokoa muda. Kwa kodi, sikio la mtu mmoja ni mzani dhaifu.

Udhaifu huo ulionekana Septemba 20, 2018. Ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 ulikuwa umeanza kutozwa mafuta mwanzoni mwa mwezi huo, ilhali wabunge walikuwa wamepitisha marekebisho ya kuuahirisha. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kutia saini mswada huo, akaurudisha na kupendekeza asilimia 8. Ili kuyapindua mapendekezo ya Rais, theluthi mbili ya wabunge, yaani 233, walihitajika. Kura ya sauti ilipopigwa, wapinzani wa kodi walisisitiza kwamba sauti yao ndiyo iliyovuma, na ukumbi ukajaa kelele. Spika Justin Muturi aliamua kuwa waliokuwamo hawakufika idadi hiyo. Kodi ya asilimia 8 ikapita, na Rais akatia saini siku iliyofuata. Kisheria hesabu hiyo ilitosha. Lakini mwananchi aliyetaka kujua mbunge wake alisema ndiyo au la hakuwa na orodha ya kusoma.

Mambo yalikuwa tofauti Juni 2024, chini ya Spika Moses Wetang'ula. Mswada wa Fedha ulipitishwa katika hatua ya pili mnamo Juni 20 kwa kura 204 dhidi ya 115, na katika hatua ya tatu Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Kura zilihesabiwa, na majina ya waliounga mkono yakasambazwa simuni kwa haraka. Siku ya kura ya mwisho waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu kadhaa wakapoteza maisha jijini Nairobi. Ukumbini hesabu ilikuwa kamili na hakuna aliyebishana kuhusu sauti. Kesho yake, Juni 26, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, akaurudisha Bungeni na kupendekeza vifungu vyote vifutwe.