Pumu na mzio msimu wa vumbi: jinsi ya kumlinda mtoto wako

Huku kwetu Dodoma na Singida mvua hukatika mwezi Mei na hairudi hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Katikati ya hapo ni jua, upepo na vumbi. Vumbi huingia ndani, kwenye vyombo, kwenye mablanketi na kwenye vifua vya watoto. Msimu huu ndio zahanati hupokea watoto wengi wanaokohoa usiku, wanaopiga chafya asubuhi na wanaojikuna macho siku nzima.

Watoto wengi kati ya hao wana mafua ya kawaida na hupona. Wengine wana mzio (aleji), na baadhi wana pumu. Mzio humsumbua mtoto. Pumu inaweza kumuua, ingawa ina dawa nzuri na mtoto mwenye pumu anaweza kucheza mpira, kusoma na kukua kama wenzake.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kinachonisikitisha zaidi ni kumpokea mtoto usiku akiwa amezidiwa, kisha mama anatoa kwenye mkoba pampu ambayo haijafunguliwa. Alipewa miezi mitatu iliyopita, lakini nyumbani aliambiwa kwamba pampu inaharibu moyo. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya mama huyo, na kwa bibi, shangazi na dada wanaomsaidia kulea.

Mzio ni nini, na pumu ni nini?

Mzio hutokea mwili unapokipokea kitu cha kawaida kama adui: chavua ya majani, manyoya ya paka au kuku, kinyesi cha mende, ukungu wa ukutani. Mtoto hupiga chafya mfululizo, hutokwa makamasi mepesi kama maji, na pua na macho humwasha. Hana homa. Hali hii inaweza kudumu wiki nyingi, tofauti na mafua ya kawaida.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa ndani ya mapafu. Njia hizo hukaa zimevimba kidogo hata siku ambazo mtoto anaonekana mzima. Akikutana na vumbi, moshi, baridi au mafua, misuli inayozizunguka hukaza, makohozi huongezeka, na hewa hupita kwa shida. Ndipo unaposikia sauti kama mluzi kifuani.

Shuku pumu ikiwa mtoto:
- hukohoa mara kwa mara, hasa usiku wa manane au alfajiri;
- hutoa mluzi kifuani anapopumua;
- hukohoa au kubanwa kifua akikimbia, akicheka au akilia sana;
- kila akipata mafua, mafua hushuka kifuani;
- ana mzazi au ndugu mwenye pumu au mzio.

Usijiamulie mwenyewe kwamba ni pumu. Mpeleke akapimwe. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, hasa kama mtoto anapungua uzito au ana homa, lazima kichunguzwe pia kama ni kifua kikuu.

Usimkate mtoto kimeo

Sehemu nyingi mtoto akikohoa muda mrefu huambiwa ana kimeo, apelekwe akakatwe. Kimeo ni kiungo cha kawaida kooni, kila mtu anacho, na kukikata hakuponyi pumu. Watoto hutokwa damu nyingi, hupata maambukizi, na wengine hufariki. Kumchanja mtoto kifuani pia hakufungui njia za hewa. Kama wazee wa nyumbani wanasisitiza, mwombe mmoja wao aje nawe kliniki amsikie mhudumu mwenyewe.

Kupunguza vumbi na moshi nyumbani

Hatuwezi kuzuia upepo, lakini tunaweza kupunguza kiasi anachovuta mtoto.

1. Usifagie ukiwa na mtoto mgongoni. Anavuta vumbi lote unalolitimua. Mwache kwa mtu mwingine, mbali na upande upepo unakoelekea.
2. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Najua maji ni ya shida. Tumia yale uliyosuuzia vyombo au nguo. Ndani, futa sakafu na meza kwa kitambaa kibichi.
3. Wakati wa kupura na kupepeta mtama, uwele au alizeti, mtoto mwenye pumu akae mbali. Vumbi la makapi huwasha kuliko la barabarani.
4. Anika magodoro na mablanketi juani, kisha yakung'ute mtoto akiwa hayupo. Fua mashuka kila wiki ukiweza.
5. Kuku, mbuzi na paka wasilale chumba kimoja na mtoto.
6. Pikia nje au kwenye jiko lenye upenyo wa hewa, tumia kuni zilizokauka vizuri, na usimweke mtoto jikoni. Mtu asivute sigara ndani ya nyumba, hata mtoto akiwa shule. Udi, ubani na dawa za mbu za kuwasha humbana pia.
7. Usiku wa baridi wa Juni na Julai mvalishe nguo nzito. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto, kwa sababu hewa yake yenye sumu huua watu usingizini.

Shuleni, mweleze mwalimu kwamba mtoto ana pumu. Asipangiwe zamu ya kufagia darasa, na pampu yake iwe mahali inapofikika haraka.

Kwa pua iliyoziba, chemsha maji kikombe kimoja (mililita 250), weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe, kisha mdondoshee matone machache kila pua. Tengeneza mapya kila siku. Dawa za mzio za kumeza hupunguza chafya na kuwashwa, lakini nyingine, kama piriton, humletea mtoto usingizi. Mpe tu kwa kipimo ulichoelekezwa. Dawa hizo hazifungui kifua kilichobanwa na pumu.

Dawa za pumu: ipi ni ipi?

Kuna pampu za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Pampu ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni ya bluu, huwa na salbutamol. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Ndiyo ya kutumia kifua kinapobana.

Pampu ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia au rangi ya chungwa, hupunguza uvimbe polepole. Hutumiwa kila siku kama ulivyoandikiwa, hata mtoto akiwa mzima. Akimaliza, asukutue mdomo kwa maji na kutema. Rangi hutofautiana kwa kila kiwanda, kwa hiyo soma jina au mwombe mfamasia aiwekee alama.

Je, pampu inaharibu moyo? Hapana. Salbutamol inaweza kufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke kwa muda mfupi, kisha hali hutulia. Je, akianza hataacha? Pampu haina ulevi. Mtoto huendelea nayo kwa sababu pumu bado ipo, na wengine hupungukiwa na dalili wanapokua. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mapafu, hivyo kiasi kidogo hutosha. Vidonge na sharubati za salbutamol huchelewa kufanya kazi na husumbua moyo zaidi.

Mtoto akihitaji pampu ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka usiku kwa kikohozi, rudi kliniki. Maana yake pumu haijadhibitiwa.

Tengeneza chupa ya kuvutia dawa

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu moja kwa moja. Dawa huishia mdomoni. Chupa ya maji ya nusu lita hutatua tatizo hilo.

- Osha chupa kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe.
- Toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, lililobana.
- Kata robo ya juu, upande wa kifuniko, uitupe. Kata alama ndogo ya V ukingoni ili pua ikae.
- Pitisha ukingo kwenye mwali wa mshumaa ulainike, usimkate mtoto.
- Pulizia dawa mara 4 au 5 ndani ya chupa kabla ya kuitumia mara ya kwanza.

Kwa mtoto mchanga tumia kikombe cha plastiki chenye tundu hilo hilo. Mwonyeshe muuguzi ulichotengeneza kabla mtoto hajakihitaji.

Kifua kikibana: fanya hivi

1. Mkalishe wima. Usimlaze. Ongea naye kwa utulivu.
2. Tikisa pampu ya kutuliza, iingize kwenye tundu, funika mdomo na pua kwa chupa.
3. Puliza mara moja, aingize na kutoa pumzi mara 4 hadi 6. Tikisa, rudia. Fuata idadi uliyoandikiwa. Kama hukuandikiwa, mpe mipulizo 4, mmoja mmoja.
4. Subiri dakika 4. Kama hajapata nafuu, mpe 4 mingine na uondoke kwenda hospitali. Endelea kumpa njiani.

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:
- kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapopumua;
- hawezi kunyonya, kunywa au kumaliza sentensi;
- midomo, ulimi au kucha zimekuwa za bluu au kijivu;
- amelegea au ana usingizi usio wa kawaida;
- mluzi umenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua. Hiyo si nafuu, ni kwamba hewa haipiti tena;
- anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika (miezi 2 hadi 12), au mara 40 au zaidi (mwaka 1 hadi 5).

Jiandae kabla ya Mei

Msimu wa mvua ukikaribia kuisha, mpeleke mtoto kliniki akaangaliwe. Hakikisha pampu haijaisha wala kupitwa na muda. Nyingi za salbutamol zina mipulizo 200, basi andika kila unapotumia. Hifadhi namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayekubali kuamka usiku. Kisha mfundishe mtu mwingine mmoja nyumbani kutumia pampu na chupa, kwa sababu siku mtoto atakapobanwa huenda wewe uko shamba au kisimani.

Makala hii haichukui nafasi ya ushauri wa mhudumu wa afya aliyemwona mtoto wako.