Thiasetazoni: dawa ya kifua kikuu iliyowadhuru wenye VVU Kenya na Uganda

Miongoni mwa magonjwa nyemelezi, kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wanaoishi na VVU. Hata hivyo, dawa ya kukitibu nayo yaweza kuhatarisha maisha, kama ilivyodhihirika katika nchi jirani za Kenya na Uganda.

Kwa miaka mingi, wagonjwa wa Afrika Mashariki walipewa thiasetazoni ikiwa imechanganywa na isoniazidi katika kidonge kimoja cha kila siku. Dawa hiyo ilipendelewa kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. UKIMWI ulipoenea, matabibu walianza kuwapokea wagonjwa waliotokwa na upele uliogeuka malengelenge, kisha ngozi ikabanduka mithili ya mtu aliyeungua moto.

Mwaka 1991, jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Nairobi. Takriban asilimia 20 ya wagonjwa wenye VVU walipatwa na madhara ya ngozi, ilhali miongoni mwa wasio na VVU ilikuwa asilimia 1 tu. Baadhi ya waliodhurika walifariki dunia. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri wenye VVU wasipewe thiasetazoni, bali ethambutoli, ingawa ilikuwa ghali zaidi. Utafiti wa Kampala, uliochapishwa mwaka 1994, ulithibitisha kuwa madhara hayo yalikuwa mengi zaidi kwa waliotumia thiasetazoni kuliko waliotumia rifampisini.

Thiasetazoni haimo tena katika matibabu ya kawaida ya kifua kikuu, lakini tahadhari ingali inahitajika. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrini, huwakinga wenye VVU dhidi ya nimonia na maambukizi mengine. Nayo, kwa nadra, huleta madhara ya namna hiyo hiyo.

Dalili za hatari ni upele wenye malengelenge, vidonda mdomoni au sehemu za siri, macho mekundu, homa na ngozi kubanduka. Aghalabu hutokea katika majuma ya mwanzo ya matibabu. Mgonjwa mwenye dalili hizo asimeze dozi inayofuata, bali afike hospitalini siku hiyo hiyo akiwa na dawa zake zote, ili tabibu atambue iliyomdhuru na kumpa nyingine. Dawa iliyosababisha madhara makubwa kama hayo hairudiwi tena. Kuacha tiba kimyakimya nako ni hatari, kwani kifua kikuu kisichotibiwa huua.